Kabla Dadu Hazijatua

Shangazi aliingia karakana saa tatu na nusu asubuhi ya Jumapili, fimbo yake ndefu kwapani, uso ameukunja utadhani amekuja kuvunja ndoa badala ya kuipima.

"Hodi humu! Yuko wapi huyo bwana anayeziamrisha dadu?"

"Karibu, Shangazi. Shikamoo," alisema Fundi, akikimbilia kufuta kiti kwa mkono wa shati.

"Marahaba. Kiache kiti chako na vumbi lake, sikuja kukaa."

Nyuma ya meza, binti mmoja alikuwa amesimama na madaftari matatu kifuani. Huyo ndiye Hadubini. Jina hilo si la kwenye cheti, alibandikwa na Fundi wiki ileile walipojuana, maana kazi yake ilikuwa kushinda kwenye maabara ya hospitali, jicho kwenye hadubini, akihesabu chembe za damu za watu. Jina likamganda. Hata Shangazi, aliyemlea tangu yuko darasa la pili, siku hizi alimwita hivyohivyo, ila yeye alilitamka kwa kuvuta midomo.

"Hadubini, mwanangu, kalamu unayo?"

"Ninayo, Shangazi."

"Na macho?"

"Ninayo pia."

"Haya, tutaona."

Mwanamke huyu msimwone hivi. Miaka ishirini na miwili alikuwa mshika fimbo kwenye meza ya dadu ya kasino. Ndiye aliyemsogezea mchezaji dadu kwa fimbo, ndiye aliyetangaza kilichotoka, ndiye aliyezivuta tena. Wanaume wazima waliolia mbele yake wangejaza bwalo la shule, na wengine wangebaki nje. Sasa Fundi alipoleta posa mwezi uliopita, na ikajulikana kwamba anataka kuacha kazi ili aishi kwa kurusha dadu, Shangazi aliikataa ile posa kabla chai ya wageni haijapoa.

"Mcheza dadu haoi kwangu," alisema siku ile. "Labda anionyeshe kwa macho yangu haya kwamba anaziweza."

Basi leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha. Fundi alikuwa msimamizi wa mafundi seremala kwenye kiwanda cha samani, kijana wa watu, mpole, mikono yake ikigusa ubao unalainika. Mfukoni mwa shati alikuwa na barua ya kuacha kazi, ncha yake imechungulia nje, ameshaitia sahihi, imebaki kupelekwa kesho asubuhi. Kuhusu Hadubini, niseme nini? Alimpenda huyu mtu hadi akisikia randa inapita juu ya mbao mahali popote, hata mtaa wa pili, mapigo ya moyo yanabadilika.

Shangazi alizunguka meza ya dadu kama mnunuzi. Fundi aliijenga mwenyewe kwa vipimo vya kasino, juu ameitandika kitambaa kizito cha kijani, na ukuta wa mwisho ameuwamba mpira wenye vinundu vilivyochongoka, vile vinavyozirudisha dadu ovyo zikigonga. Shangazi alipitisha kidole kwenye kiungo cha pembe. Hakupata pa kupitisha hata ukucha.

"Nani kakujengea?"

"Mwenyewe, Shangazi."

"Mh. Ungekuwa huu ndio mtihani, ningeshavua viatu nikakaa." Akapiga fimbo sakafuni. "Sikilizeni. Dadu mbili zina njia thelathini na sita za kutua. Saba peke yake ina njia sita. Kwa hiyo katika kila mirusho sita, tegemea saba moja. Rusha mara mia tatu sitini, utapata saba sitini, zikizidi kidogo au zikipungua kidogo. Hapo hata mtoto mchanga akirusha ni hivyohivyo. Na saba ndiyo inayowamaliza watu. Mtu anaingoja namba yake irudi, inakuja saba, kwisha habari yake. Sasa wewe unadai zako ni ngapi?"

"Arobaini na nane," alisema Fundi bila kusita.

"Nani kazihesabu?"

"Mimi," alisema Hadubini. "Miezi minane, Shangazi. Mirusho elfu tatu na mia sita, saba mia nne themanini. Moja katika kila saba na nusu. Yote imo humu." Alinyanyua madaftari kwa fahari.

"Nami leo nampa hamsini katika mirusho mia tatu sitini. Nyongeza mbili za ukarimu wangu. Ikifika saba ya hamsini na moja, sitaki kumwona kizingitini kwangu kwa habari ya posa, leo wala kesho. Ikipungua, nitamwita mkwe na nitacheza ngoma mwenyewe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Fundi.

"Hadubini?"

"Tumeelewana, Shangazi."

Fundi alikunja mikono ya shati. Akazipanga dadu zote mbili, tatu kwa tatu zikitazama juu, akazishika kwa ncha za vidole vitatu kama mtu aliyeshika yai, akanyoosha mkono na kuziachia. Ziliruka pamoja, bega kwa bega, zikazunguka pamoja, zikagonga ukuta kwa upole na kulala. Nne na mbili.

"Sita," alitangaza Shangazi, na sauti yake ya kasino ikarudi palepale, kali, ya kukata. Fimbo ikazivuta dadu.

Tisa. Tano. Nane. Kumi. Tano. Hadubini aliandika mbio, na furaha ikaanza kumpanda. Sita. Nne. Tisa. Kumi na moja. Jamani, alikuwa mzuri huyu mtu akirusha! Uso ulitulia, midomo ikajibana kidogo upande, na mshipa wa mkono ukasimama. Mirusho kumi na minane ilipita saba haijaonekana.

Wa kumi na tisa, ikaja. Tatu na nne.

Fundi aliinua macho tu akamwangalia Hadubini. Hilo jicho! Laini, la kuomba, na sononeko kidogo ndani yake, jicho ambalo Hadubini angelivukia barabara bila kutazama magari.

"Imeteleza," alisema Hadubini.

"Nini imeteleza?" aliuliza Shangazi.

"Mkono. Dadu ziliachana mapema. Mrusho ukiteleza si mrusho, hauhesabiwi. Ndiyo kanuni yetu tangu mwanzo."

"Ahaa," alisema Shangazi.

Hadubini akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya ile saba. Kule maabara hakuna kufuta wala kuchana karatasi. Ukiondoa jibu unapiga mstari mmoja, namba ibaki inasomeka, unaweka sahihi yako pembeni. Tabia hiyo alikuja nayo hapa karakana, na madaftari yake yalikuwa safi kama ya ofisi.

Mirusho sitini ilipohesabiwa, saba zilikuwa nne tu. Nne! Kwa mtu wa kawaida zingekuwa kumi. Zilizoteleza zilikuwa tano.

"Unaona, Shangazi?" Fundi alishindwa kujizuia, meno yote nje. "Unaona?"

"Naona," alisema Shangazi. "Naona vizuri sana. Ila hebu simameni kwanza. Hiyo kanuni yenu ya kuteleza sina ugomvi nayo, mkono wa binadamu huteleza. Lakini kuanzia sasa, Hadubini, itamke dadu zikiwa bado hewani. Zikishatua, umechelewa."

"Hakuna neno, Shangazi," alisema Fundi, akamkonyeza mchumba wake.

Hadubini naye aliona hakuna neno. Yeye na macho yake yale, aliyezoea kutafuta kidudu kimoja ndani ya tone la damu, ashindwe kuona dadu mbili zikiachana hewani?

Fundi akarusha. Hadubini akakaza macho, na dadu zikapita mbele yake zikizunguka, zikatua. Nane. Akarusha tena, tena zikapita. Zote zilionekana sawa! Ule wa nne aliona dhahiri dadu moja imetangulia, akapiga kelele, "Imeteleza!" Zikatua kumi, mrusho mzuri kabisa, umepotea bure.

"Haya, tumeifuta kumi," alisema Shangazi, akiwa hana haraka.

Uliofuata ulimtia shaka pia, akafunga mdomo. Saba.

Jicho la Fundi likamjia, lilelile. Hadubini alihisi mdomo unafunguka wenyewe, neno limeshafika kwenye ulimi. Imete... Akalimeza.

Mungu wangu, aliwaza. Mimi huwa naona nini?

Walifika mrusho wa mia moja na hamsini. Saba ishirini.

"Ishirini!" Fundi alipiga makofi. "Hesabu hiyo, Shangazi! Moja katika saba na nusu, palepale kwenye daftari! Si nilikuambia?"

"Nimesikia. Miguu inaniuma na koo limekauka. Chai ipo?"

Chai ilikuwa kwenye chupa. Shangazi akachukua kikombe na kwenda kusimama mlangoni, kwenye jua, mgongo amewageuzia. Fundi alimfuata Hadubini mpaka pembeni palipokuwa na rundo la maranda, akamshika mkono wa kushoto, ule usio na kalamu.

"Umeona? Nikitoka hapa nimekuoa. Kesho saa mbili barua iko mezani kwa meneja. Mwezi ujao tunasafiri, mimi na wewe, kasino baada ya kasino. Wewe unaandika, mimi narusha. Mbona umepoa hivyo, mpenzi wangu?"

"Sijapoa. Nenda kanywe chai."

"Una homa?"

"Nenda, Fundi. Nataka kukagua kitu."

Akakaa juu ya kigogo, akafungua daftari la kwanza. Hakuwa amepoa hata kidogo, alikuwa anawaka. Kati ya zile saba ishirini, mirusho sitini ya mwanzo ilikuwa na nne. Tisini iliyofuata, tangu alipozuiwa kusema dadu zikishatua, ilikuwa na kumi na sita. Tisini gawa kwa sita ni kumi na tano. Kumi na sita! Hata mtoto mchanga angefanya hivyo.

Akaanza kuhesabu mistari. Kidole gumba kilibonyeza hewani kila alipopita mstari mmoja, kama anabonyeza kile kihesabio chake cha kazini. Ijumaa tu iliyopita, mama mmoja alimletea kichupa cha damu ya mwanawe, imeganda, akamsihi aipime hivyohivyo. Alimrudisha kwa upole akatolewe nyingine, na alipoondoka akamweleza mwanafunzi wa mazoezi: sampuli mbovu hukataliwa kabla ya kupimwa. Ukisubiri uone jibu ndipo useme ilikuwa mbovu, hapo hujapima, umechagua. Alisema hayo Ijumaa mchana. Ijumaa ileile jioni alikuja hapa akachagua.

Miezi minane, mistari mia na hamsini. Na chini ya ile mistari, namba zote zinasomeka. Saba. Saba. Saba. Tisa moja. Saba. Saba. Mia moja arobaini na tatu zilikuwa saba.

Alijumlisha. Zilizohesabiwa na zilizopigwa mstari, saba mia sita ishirini na tatu katika mirusho elfu tatu mia saba hamsini. Akagawa kwa sita. Mia sita ishirini na tano.

Hadubini alilifunga daftari na kulikumbatia. Sasa afanyeje? Angeweza kunyamaza. Imebaki mirusho mia mbili na kumi, na mpaka sasa Fundi yuko ndani ya hesabu, bahati kidogo tu na ndoa ipo. Anamtaka mwanaume huyu kuliko kitu chochote duniani. Lakini akinyamaza, kesho saa mbili ile barua iko mezani kwa meneja, na mwezi ujao yuko kwenye meza ya kweli, mbele ya mshika fimbo asiyemjua, na saba ikitua atainua macho yale mazuri na hakuna wa kumwambia imeteleza.

"Fundi," aliita. "Njoo."

Alimwonyesha ukurasa kwa ukurasa. Mwanzo Fundi alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yameshaondoka.

"Sielewi."

"Unaelewa."

"Kwa hiyo unaniambia sina lolote. Mkono wangu ni wa mtoto mchanga."

"Nakuambia mkono wako haujawahi kuishinda saba hata siku moja. Iliyoishinda ni kalamu yangu."

"Miezi minane, Hadubini!" Sauti ilipanda mpaka misumeno ukutani ikaitikia. "Kila jioni nikitoka kazini! Vidole vimeota sugu! Nimemwambia meneja asinipangie kazi ya mwezi ujao! Na wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua! Ningekuambiaje nisichokijua? Nilikuwa naona kweli imeteleza. Saba ikitua, naiona imeteleza. Nane ikitua, naiona imenyooka."

"Wewe? Wewe wa kuhesabu chembe za damu?"

"Mimi huyohuyo!" Na Hadubini naye akapandisha, machozi yakimtoka bila ruhusa. "Chembe za damu haziniangalii, Fundi! Wewe saba ikitua unaniangalia. Unaniangalia hivyo unavyoniangalia sasa, na mimi mifupa yote inaisha. Ningekuandikiaje saba mtu ananiangalia hivyo? Niliona bora niongope kuliko uhuzunike, na sikujua kwamba naongopa. Ndivyo ninavyokupenda. Vibaya hivyo. Sasa nipige kelele, haki yako."

Kule mlangoni Shangazi alikohoa. "Mimi sisikii kitu. Endeleeni."

Fundi hakupiga kelele. Aliketi kwenye maranda, mtu mzima na kimo chake, akazigeuza dadu mkononi. Hadubini alikuwa amesimama juu yake na pua inamvuja, mbaya kuliko siku zote za maisha yake, anajiuliza kama ndiyo basi.

"Nilikuwa nasubiri," alisema Fundi mwishowe.

"Unasubiri nini?"

"Useme. Saba ikitua, nilikuwa nakuangalia ili useme imeteleza. Sikujiambia hivyo, lakini ndivyo. Ulipokawia kidogo, roho iliniuma. Ulipotamka, nikawa naamini kabisa kwamba hata mimi nimeiona." Alitikisa kichwa. "Tumeibiana wenyewe kwa wenyewe, mama."

Kule kuitwa "mama" kwa sauti ile kulimpasua Hadubini moyo upya. Akainama, akamshika shavu lenye vumbi la mbao.

"Unanichukia?"

"Nikuchukie na nani atanihesabia?"

"Fundi, usinitanie sasa hivi, nitaanguka."

"Sikuchukii. Nimeona haya tu, mpaka masikio yanawaka." Akasimama na kujikung'uta. "Shangazi! Makubaliano yako palepale?"

Shangazi aligeuka taratibu. "Yako palepale. Hamsini."

"Basi tumalizie."

"Utamalizia kwa ufundi au kwa bahati?"

"Kwa bahati. Ufundi wangu umefariki saa nne na dakika ishirini, mlikuwepo wote."

Kwa mara ya kwanza siku ile Shangazi alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Na ujue, hata ukiipata hamsini sasa, mimi nitajua ni bahati. Ila neno ni neno, binti utapewa."

Jamani, hapo ndipo mchezo ulipoanza! Fundi hakupanga tena tatu kwa tatu, wala hakushika kama yai. Alizitikisa tu kiganjani na kuzirusha kama mtu anayemwaga maji. Na dadu, kwa ukaidi wao, zikaanza kumpenda. Tisa, sita, nane, nane, kumi. Ikaja saba, Hadubini akaiandika bila kuinua uso. Tano, nne, sita, kumi na mbili. Mirusho mia mbili, saba ishirini na nane. Mia mbili na hamsini, thelathini na sita.

"Bado kumi na nne, Shangazi!" alipiga kelele Fundi.

"Najua kuhesabu! Rusha!"

Mia tatu, arobaini na mbili. Kalamu ilikuwa inateleza kwa jasho. Fundi alikuwa analalamika, anabembeleza, anazipulizia dadu. Shangazi mwenyewe alikuwa ameinamia meza, miwani imeshuka puani, anatangaza kwa sauti iliyokuwa inakaribia kupasuka. "Tisa! Sita! Aaah, saba, mbwa huyu! Nane! Tena nane!"

"Shangazi, uko upande gani?" aliuliza Hadubini.

"Upande wa fimbo! Andika!"

Saba ya hamsini ilitua kwenye mrusho wa mia tatu hamsini na mbili.

Imebaki mirusho minane, na hakuna nafasi tena hata ya saba moja. Fundi alijifuta viganja kwenye suruali. Akamwangalia Hadubini, na safari hii halikuwa lile jicho la kuomba. Alimwangalia tu, moja kwa moja, kama mtu anayetaka kukumbuka sura.

Mrusho wa mia tatu hamsini na tatu. Nne na nne, nane. Hamsini na nne. Tano. Hamsini na tano. Moja na moja. Hadubini alipiga kiyowe. Hamsini na sita. Tisa. Bado minne! Hewa karakana nzima iliisha.

Fundi akarusha wa hamsini na saba. Dadu ya kwanza iligonga ukuta, ikarudi, ikalala mbili. Ya pili ilibiringika pembeni peke yake, ikaenda, ikaenda, ikasita upana wa kidole kabla ya ukuta, ikasimama. Tano.

Mbili na tano.

Fimbo ya Shangazi ilikaa hewani.

"Dadu hii haikugusa ukuta," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeiona. Mshika fimbo ana haki ya kuukataa mrusho usiogusa ukuta. Ifuteni, arushe tena."

Hadubini alihisi damu yote inamkimbilia kichwani. Kweli haikugusa! Hata yeye ameiona, na Shangazi mwenyewe ndiye aliyesema! Mstari mmoja tu, mwembamba, na huyu mwanaume ni wake. Kalamu ilikuwa imeshashuka juu ya karatasi.

"Shangazi," alisema Fundi. "Ingekuwa nane, ungeikataa?"

Shangazi aliishusha fimbo.

"Kuna nyingine mbili leo hazikugusa. Ile tano ya mrusho wa sita, na ile nane ya mia tatu na kumi. Ulizitangaza, zikaandikwa." Uso ulikuwa mweupe kwa vumbi na macho yamejaa. "Basi na hii iandikwe. Iandike, Hadubini."

"Fundi..."

"Iandike, mpenzi wangu."

Akaandika. Saba. Ya hamsini na moja. Machozi yakadondoka juu ya wino, ukasambaa, lakini namba ikabaki inasomeka.

Fundi akazikusanya dadu, akaziweka mbele ya Shangazi kwa mikono miwili. "Nimeshindwa. Ahsante kwa kuja, na kwa uvumilivu wako. Neno ni neno, sitakusumbua tena kizingitini." Akageuka, akaanza kupanga patasi zilizokuwa zimeshapangika.

"Shangazi," alisema Hadubini, na alikuwa hajui atasema nini, ila alijua kwamba hatanyamaza. "Shangazi, mimi nikitoka hapa..."

"Wewe funga mdomo kidogo, umeongea vya kutosha leo." Shangazi aliegemeza fimbo mezani na kwa mara ya kwanza akavuta kiti, akakaa na vumbi lake. Ghafla alionekana amechoka. "Fundi. Acha hizo patasi, geuka nikuone. Sikukutega. Nilikuwa nakupa ile saba kwa moyo mmoja, maana nilishachoka kumwona huyu mtoto akitetemeka. Sikia. Miaka ishirini na miwili nimeshika hii fimbo. Kila mwanaume aliyepoteza mbele yangu alikuwa na sababu. Mtu kamgusa kiwiko. Mtu kataja saba kwa sauti. Dadu haikugusa ukuta. Wameniapia, wamenitukana, mmoja alinirushia glasi. Mwanaume wa kuniambia saba yake iandikwe, sijawahi kumwona. Ndiyo leo."

Fundi alibaki amesimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Nilisema mcheza dadu haoi kwangu. Sijabadilisha." Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya nguo, akachukua muda wake mwingi tu. "Kesho kazini unaingia saa ngapi?"

"Saa... saa moja na nusu, Shangazi."

"Na hiyo barua ya mfukoni?"

"Barua gani?"

"Safi. Unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi saa kumi na moja nitakuwa nyumbani. Uje na wazee wako. Wawili wanatosha, sitaki msafara. Na posa uiandike upya, ile ya kwanza niliwashia jiko." Akanyanyuka, akachukua fimbo yake, akatoka kwenye jua bila kuaga.

Hadubini alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Fundi alimkumbatia akiwa hajui aanze kunyamazisha kipi.